Kilichoganda Nyumbani kwa Bisibisi

Kompyuta ilianza kuganda siku ileile iliyotengenezwa ili iende mbio.

Mwenyewe alikuwa mwanamke anayechora ramani za nyumba, na kwa kazi hiyo wateja walimbandika jina la Mama Ramani, likamkaa mpaka mama mkwe wake naye akalizoea. Alifanyia kazi sebuleni, meza yake ikitazama dirisha. Kompyuta ilikuwa imezeeka. Ukiiambia izungushe mchoro wa ghorofa moja, inahema kama mtu mnene anayepanda ngazi. Haikuzimwa mchana wala usiku, maana kuiwasha tu kulikuwa safari. Paka wa jirani alipenda kuja kulala juu ya kasha lake kwa ajili ya joto.

Mumewe alikuwa fundi kompyuta. Mtaa mzima ulimwita Bisibisi, kwa kuwa hakuwahi kuonekana bila bisibisi mfukoni, hata msibani. Alimwahidi mkewe prosesa mpya, ndiyo ubongo wa kompyuta, tangu zamani, lakini kwa seremala ndiko kuna viti vibovu, na ahadi ikawa inasogezwa kesho kwa kesho. Hatimaye akaja nayo. Akafungua kasha palepale mezani, akang'oa prosesa ya zamani ikiwa bado ya moto, akaipenyeza mfukoni, akapachika mpya na kufunika.

"Haya. Sasa utachora mpaka ramani ya peponi," alimwambia.

Alichora asubuhi nzima, na kweli mambo yakawa mteremko. Jua lilipopanda utosini, akiwa anaweka dirisha la chumba cha watoto katika nyumba ya mteja, mshale wa skrini ukasimama. Hakuna onyo lililotokea. Skrini haikuzima. Ila feni iliyo ndani ya kasha, ambayo hata kompyuta ikiganda huendelea kuzunguka, nayo ikanyamaza, na katika ukimya ule akasikia kitu nyuma ya kasha kikivuta pumzi taratibu, kwa uangalifu, kama mpishi anayenusa chungu kujua kimeungua au bado.

Kisha feni ikazunguka. Mshale ukasogea. Mama Ramani alijiambia ni vumbi.

Kesho yake iliganda tena, na siku zilizofuata ikawa haina ratiba. Mara inaganda akiwa anachora, mara akiwa hajaigusa. Bisibisi akaingia kazini. Fundi ana njia yake ya kutafuta ubovu, anafunga mlango mmoja baada ya mwingine mpaka mwizi abaki chumba kimoja. Alipima joto la prosesa, likawa la kawaida. Alifuta ile dawa ya kijivu inayopakwa kupitisha joto, akapaka nyingine. Alichomoa memori moja moja akijaribu kila moja peke yake. Akabadilisha pawa saplai. Akapiga programu upya kuanzia mwanzo. Kila baada ya hatua kompyuta ilikwenda vizuri kwa muda wa kumfanya atabasamu, kisha ikaganda.

"Cha ajabu haiachi alama," alimwambia mkewe, amejikunyata mbele ya skrini. "Kompyuta ikianguka huandika mahali kwamba imeanguka. Hii haijaandika chochote. Kwa maelezo yake yenyewe, haijawahi kuganda hata mara moja."

"Kwa hiyo mimi naota?"

"Sijasema hivyo, mke wangu."

"Na hii harufu? Kila ikiganda nasikia harufu. Kama nywele zilizoungua, na ndani yake kitu kikali, kama maji ya betri."

Bisibisi aliinama kuokota skrubu ambayo haikuwa imeanguka. "Itakuwa waya," alisema.

Mama Ramani hakuwa fundi, lakini ameishi na fundi, na mkaa na waridi hunukia waridi. Akamwambia, "Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha. Kitu kikiharibika baada ya kubadilisha, rudisha ulichobadilisha. Umebadilisha kila kitu isipokuwa hicho. Rudisha prosesa ya zamani tuone."

"Nilishaitupa."

"Wewe? Wewe unayetunza hata msumari uliopinda?"

Bisibisi akacheka kicheko kisicho na chumvi, akasema anachelewa dukani. Akatoka akiwa hajanywa chai yake, na mkewe akabaki akikitazama kikombe kwa muda mrefu.

Siku ile ndipo mambo yalipotoka ndani ya kasha na kuingia nyumbani. Saa ya ukutani ilisimama, ikaenda, ikasimama. Pazia lililokuwa likipepea lilibaki limeinuka hewani kama kitambaa kilichopigwa pasi kwa wanga, bila upepo, kisha likaanguka. Jikoni, Mama Ramani alifungua bomba kuosha vikombe, na maji yaliyokuwa yakishuka yakatulia. Yalining'inia kutoka bombani hadi kwenye beseni, meupe, hayaendi wala hayarudi, na wakati yakining'inia hivyo alihisi joto likimpita nyuma ya shingo, joto la mtu aliyesimama karibu mno, likishuka begani, likafika kwenye viganja vyake vyenye sabuni na kukaa hapo, likivinusa kimoja baada ya kingine. Halikupata lilichotaka. Maji yakaanguka, na kikombe alichoshika kikawa kimepasuka bila yeye kusikia kikipasuka.

Hakumwambia mtu. Angesema nini?

Walikuwa na mtoto mmoja wa kike, ndiyo kwanza anang'oka meno ya mbele. Kwa maneno yake mengi walimwita Chiriku. Chiriku aliongea akila, akioga na akisinzia. Baba yake alizoea kusema huyu akinyamaza mjue dunia imekwisha. Baada ya siku chache alikuwa amekaa sakafuni karibu na meza ya mama yake, akisimulia habari za mwalimu wao aliyekalia chaki.

"Basi alipoinuka, nyuma pote peupe, tukacheka, akauliza mnacheka ni—"

Akanyamaza. Mama Ramani aligeuka taratibu kwenye kiti. Mtoto alikuwa amekaa vilevile, mkono umeinuliwa kuonyesha mwalimu alivyosimama, mdomo wazi, jicho halipepesi. Kifua hakikupanda. Nywele ndogo za masikioni zilikuwa zikicheza, na hazikuchezeshwa na upepo. Kitu kilikuwa kinapumua pale, kwanza sikio hili, halafu lile.

"—ni, nyinyi? Tukasema hakuna, mwalimu," Chiriku akamalizia, akacheka peke yake. Kisha akamtazama mama yake aliyekwisha piga magoti mbele yake akimshika mashavu. "Mama, yule mama mwingine anataka nini?"

"Mama gani?"

"Yule wa moto. Mimi nikinyamaza anakuja kuninusa masikio. Anauliza mtoto wake yuko wapi. Mimi nimemwambia simjui."

Walimpeleka hospitali. Daktari alikuwa mtu makini. Alisema kuna watoto wanaopotewa na fahamu kwa muda mfupi macho yakiwa wazi, na hilo lina dawa, lakini lazima kwanza wapime ubongo. Wakamvika Chiriku nyaya kichwani. Mashine ikaanza kuchora mistari yake, na katikati ya kuchora ikaganda, na mtoto akaganda nayo, na taa ya chumba ikabaki kwenye mwanga usio kamili kama jicho lililofumbwa nusu. Vilipoachiwa, daktari alitazama karatasi iliyotoka, akaikunja. "Sina cha kuwaandikia," alisema. "Nisiwadanganye."

Mama mkwe ndiye aliyetaja jina la Nesi. Huyu alikuwa mwanamke aliyefanya kazi ya uuguzi wodi ya wazazi kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na alipostaafu akaendelea kuitwa majumbani, mara kwa homa, mara kwa yale ambayo hayakai wodini. Hakuwa na hirizi wala kibuyu. Alikuja adhuhuri, amevaa raba, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, akaomba maji ya kunawa mikono.

Akakaa sebuleni na kuanza kuuliza.

"Ilianza lini?"

"Alipoweka prosesa mpya," Mama Ramani akajibu.

"Kabla ya hapo hakuna kitu? Hata kidogo?"

"Hakuna."

"Kompyuta ilikuwa inazimwa?"

"Haikuzimwa, Nesi. Miaka."

Nesi akatikisa kichwa polepole. Akamwita Chiriku, akamkalisha pajani, akamsogezea nywele na kumtazama masikio. Mtoto alikuwa amevaa vipuli vidogo vya dhahabu, vya duara, kama mbegu za ufuta. Baba yake alimletea muda si mrefu uliopita, na Mama Ramani alifurahi sana siku ile, akasema huyu mume wangu naye ana siku zake.

"Hivi vimetoka wapi?"

"Kwa sonara," Bisibisi alisema kutoka mlangoni. Hakuwa ameingia wala kutoka.

"Sonara ametengeneza. Dhahabu imetoka wapi?"

Bisibisi akafungua mdomo. Mkewe akamtazama, na palepale pua yake ikakumbuka: nywele zilizoungua, maji ya betri. Akakumbuka kopo la plastiki nyuma ya nyumba, lililofunikwa kwa kigae, ambalo mumewe aliwakataza wasilisogelee.

"Baba Chiriku," alisema. "Sema."

Akasema, kwa sauti ya chini, akiongea na miguu yake. Prosesa za zamani zina dhahabu kwenye miguu yao, chembe tu, lakini ukizikusanya nyingi na kuziloweka kwenye asidi, dhahabu hubaki. Alikuwa akikusanya kwa muda mrefu, akitaka kumpa mtoto kitu ambacho hakuna duka linauza. Ya mwisho kuingia kwenye kopo ilikuwa ya kompyuta ya mkewe. Aliitia siku ileile, ikiwa bado ina joto.

"Ikawaje ulipoitia?" Nesi akauliza.

"Ilifoka. Halafu ikalia."

"Ikalia vipi?"

"Kama mtoto mchanga. Nikasema ni paka wa jirani."

"Ililia kwa muda gani?"

"Mpaka jioni," alisema Bisibisi. "Nilifungulia redio."

Mama Ramani alihisi kitu kikikatika ndani yake, pale ambapo mtu huhifadhi huruma kwa mume wake. Alikumbuka jinsi alivyompitishia skrubu na kumshikia tochi siku zote zile, huyu akibadilisha memori na kupaka dawa na kusema itakuwa waya, na akili yake inajua.

"Ulimwona mtoto akiganda," alimwambia. "Ulibeba begi lake kwenda hospitali. Ulikaa pale mbele ya daktari."

"Nilidhani itapita."

Nesi alimtelemsha Chiriku pajani. "Nisikilizeni, maana hatuna muda," alisema. "Hawa ni watu wa moto. Penye joto lisilozimika ndipo wanapolaza wachanga wao, kama sisi tunavyotafuta mahali pasipo na upepo. Huyu mama alimlaza mwanawe mle, akaenda kwenye shughuli zake. Amerudi, kitanda si kile, na mtoto hayupo. Hana ugomvi na mashine. Anachokisimamisha anakisimamisha ili akinuse vizuri. Wanadamu wote kwake tunanuka mamoja, isipokuwa mwanao, kwa sababu amemvaa wa kwake masikioni."

"Tuvivue," alisema Mama Ramani, mikono yake tayari iko kwenye sikio la mtoto.

"Ukivivua atajua ni nini. Kwa sasa anabahatisha tu. Akishajua, atauliza nani, na atauliza mara moja. Mimi siwezi kujibu, si wa nyumba hii. Mtu wa nyumba hii ajibu, na ajibu kweli. Akikosa jibu atachukua aliye mkononi." Akamtazama Bisibisi. "Ni vizuri zaidi mwenyewe akijitaja. Aliyejitaja huwa wanamsikiliza."

Bisibisi akaitikia kwa kichwa. Mkewe alimwona akiitikia.

Akavua kipuli cha kwanza, akavua cha pili, akaviweka kwenye kiganja cha Nesi. Na jua likiwa bado linawaka nje, na mtu anauza mboga barabarani, na redio ya jirani ikiimba, vyote vikakoma, mwuzaji katikati ya neno na redio katikati ya wimbo, na pazia likainama ndani na kubaki limeinama, na harufu ile ikaja si kama harufu tena bali kama ukuta, ikaujaza chumba kutoka sakafuni hadi darini, ikawafunika midomo, na katikati ya harufu hiyo Chiriku akasimama wima kuliko mtoto anavyoweza kusimama, mdomo ukafunguka bila taya kusogea, na sauti ikatoka, kavu, yenye adabu, sauti ya mwanamke aliyekwisha kulia machozi yote na sasa ana kazi moja tu iliyobaki.

"Nani alimchemsha mwanangu?"

Mama Ramani alimtazama mumewe. Hakuwa ameganda, watatu wao walikuwa wameachiwa waweze kujibu. Bisibisi alikuwa ameikodolea macho sakafu kana kwamba kuna skrubu imeanguka. Midomo yake ilitetemeka na haikufunguka, na mkewe akasubiri, akasubiri kama mtu anayemsubiri mwenzake avuke daraja linalobomoka, huku akiona rangi ikiondoka kwenye vidole vya mtoto, ikipanda kiganjani, ikipanda mkononi, na ngozi pale ilipopita ikiwa ya kijivu kama ile dawa ya kupitisha joto; na bado mwanamume yule, ambaye alikuwa amemsamehe kila ahadi ya kesho, akatazama chini, na Mama Ramani akajua kwamba angetazama chini hivyohivyo mpaka mwisho, na baadaye angefungulia redio.

"Ni huyu," alisema. Alinyoosha kidole. "Mume wangu. Ni mikono hiyo yake. Mwanangu hajui lolote, na mimi nilikuwa sijui. Huyu alimsikia akilia, akamwacha."

Bisibisi akainua uso. Mkewe hakuwahi kuusahau uso ule, lakini pia hakuwahi kuujutia.

Joto likamtoka mtoto. Lilimpita Mama Ramani karibu sana, na lilipofika kwake likapunguza mwendo, likajibana upande, kama mwanamke anayempisha mwenzake mlangoni. Kisha likaenda lilikokuwa likienda.

Chiriku akakohoa, akakaa sakafuni, akasema ana kiu. Nje mwuzaji akamalizia neno lake. Bisibisi alikuwa amesimama palepale mlangoni, mikono ameitanguliza mbele kama anayesukuma kitu, na hakuna kitu chake kilichosogea isipokuwa machozi. Walimwita, wakamtikisa, wakammwagia maji. Aliporudi alirudi na yowe moja fupi, akajitazama mikono kama haamini kwamba bado ina ngozi.

Nesi alivifunga vipuli kwenye kitambaa, akamtaka Mama Ramani achimbe shimo mahali panapopigwa na jua kutwa nzima. Wakavizika pamoja na kilichobaki kwenye kopo. Baada ya hapo Nesi alinawa tena mikono.

"Hajamuua," alisema akijifuta. "Angetaka kumuua angekwisha muua. Usiniite kwa hilo, bibie. Mimi humtoa anayekaa mahali pasipo pake."

Tangu siku hiyo kompyuta haijaganda. Inazungusha ghorofa kumi kama inazungusha kisahani, na Mama Ramani ana wateja kuliko anavyoweza kuhudumia. Anayeganda ni Bisibisi. Hana ratiba. Anaganda dukani akiwa ameshika bodi ya mteja, barabarani mguu mmoja juu, bafuni povu likimkaukia usoni. Watu mtaani wamezoea. Wanampitia kando, wanasema maradhi ni maradhi. Yeye hupunguka kila akirudi, mwili na maneno.

Mara moja tu alimweleza mkewe. Walikuwa wamekaa barazani, Chiriku akiruka kamba uani.

"Mnaona dakika moja," alisema. "Mimi niko ndani ya kopo. Naingia nikiwa na joto, nalia mpaka jioni. Halafu ananitoa." Akamgeukia mkewe. "Ungeweza kusema hujui."

"Ningeweza," alisema Mama Ramani.

Akainuka, akaenda kumhesabia Chiriku anavyoruka.

Jana mchana walikuwa mezani, watatu. Bisibisi alipeleka kijiko mdomoni, na kijiko hakikufika. Chiriku alimtazama baba yake kwa upande, akashusha sauti.

"Mama, anaimba tena."

Mama Ramani alisogeza sikio. Midomo ya mumewe ilikuwa imefungwa, lakini ndani ya koo lake mwanamke alikuwa akiimba polepole, kwa lugha isiyojulikana, wimbo ambao mama yeyote angeutambua hata bila maneno, ule wa kumbembeleza mtoto anayeumwa ili apate usingizi. Ulikuwa wimbo mrefu. Machozi ya Bisibisi yalidondokea kwenye supu.

"Tumsaidie?" Chiriku aliuliza.

"Mwache mwenzangu amalize," alisema mama yake. Akachukua kifuniko, akafunika sahani ya mumewe, kisha akamwongezea mtoto chakula.